Kanzu ya Ijumaa na mashine iliyosingiziwa

Simu iliingia Alhamisi jioni. "Fundi, mashine ya kufulia inavuja oili kwa ndani. Imeniharibia kanzu ya mume wangu na mashati ya shule ya watoto, na kesho ni Ijumaa."

Aliyepiga ni dada mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, mteja wangu wa siku nyingi. Hiyo mashine niliifunga mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita. Nikamwambia achomoe plagi, asifue kitu kingine, na zile nguo zilizochafuka asizifue upya wala kuzipiga pasi. Hilo la pasi nalisema kila mara, na mara nyingi nakuta mtu keshapiga. Joto la pasi huligandisha doa la mafuta kwenye uzi, na baada ya hapo kulitoa ni kazi ya kubahatisha.

Nilifika Ijumaa saa tatu asubuhi. Mashine ni ya mlango wa mbele, ya kilo 7, ile yenye mota ya kaboni, yaani mota inayopokea umeme kupitia vijiti vya kaboni vinavyoisugua inapozunguka. Imewekwa kwenye kijistoo kilicho kati ya jiko na choo, na kijistoo hicho hakina dirisha. Hilo la dirisha lishike, tutalirudia.

Kanzu ilikuwa kwenye kamba, peke yake, kama mtoto aliyetengwa. Madoa yalikuwa mengi na madogo, mengi yao kama punje ya mtama, ya kijivu kwenda kwenye weusi, mengine yamevutwa kama mtu kapitisha kidole. Yalikuwa kifuani, mgongoni, kwenye pindo, kila mahali. Mashati ya shule yalikuwa sita, nayo yana madoa yaleyale ila hafifu zaidi.

"Si unaona mwenyewe?" dada akasema. "Hii ni oili ya mashine."

Washukiwa watatu

Nguo ikitoka na madoa meusi ya mafuta, watu wengi huilaumu mashine, na wakati mwingine wana haki. Nyuma ya dramu, lile pipa la ndani linalozungusha nguo, kuna beringi mbili zenye grisi, na mbele ya beringi kuna sili inayozuia maji yasizifikie. Sili ikichoka, maji yanaingia, grisi inatoka, na nguo zinapata madoa ya kahawia yenye kutu. Ila beringi haifi kimyakimya. Mashine ikifika kwenye kukamua hulia kama lori linalopanda mlima, na ukishika ukingo wa dramu kwa mkono ukainyanyua juu, inacheza. Hii nilipoinyanyua ilitulia. Nikaizungusha kwa mkono, ikazunguka bila sauti. Nikapitisha tambara jeupe ukuta wa nyuma wa dramu, pale katikati ambapo grisi ya beringi ingeanzia kutokea. Safi. Huyo wa kwanza nikamwachia.

Mshukiwa wa pili ni ukoko wa sabuni. Mtu akizidisha sabuni na maji ya kulainisha nguo, akafua kwa maji baridi miezi na miezi, nyuma ya dramu panajijenga utando wa kijivu unaonata, ambao siku moja unaanza kubanduka vipandevipande. Kwa macho unafanana sana na grisi. Tabata kuna nyumba nyingi zinazotumia maji ya kisima, na maji yenye chumvichumvi yanaukuza ukoko huo haraka zaidi, hasa kwa mtu anayekatia sabuni ya mche ndani ya mashine.

Kuwatofautisha hao wawili hakuhitaji maabara. Nilimwomba dada karatasi, akanichania ukurasa wa daftari la mtoto. Nikakwangua doa moja la kanzu kwa kucha, nikalisugulia kwenye karatasi, nikaiinua kuelekea mlangoni penye mwanga. Pale niliposugua karatasi ilikuwa imelegea na mwanga unapita, kama karatasi ya kufungia maandazi. Ukoko wa sabuni hauachi alama ya namna hiyo. Ile ilikuwa mafuta. Nikaisogeza puani: kiberiti kwa mbali, ile harufu ya oili ya gia ambayo aliyewahi kukaa gereji hata siku moja haisahau. Grisi ya beringi ya mashine ya kufulia hainuki hivyo. Akabaki mshukiwa wa tatu: oili iliyoingia na nguo kutoka nje.

"Dada, hapa nyumbani nani anafanya kazi gereji?"

Kumbe mume wake ana gereji eneo la Gerezani, hukohuko mjini. "Lakini yeye nguo zake zinafuliwa hukohuko, ovaroli haijawahi kuvuka mlango wangu." Akanyamaza kidogo. "Ila shemeji amekuja mwezi uliopita, anajifunza kazi kwa kaka yake."

Kabla sijajibu, nikafungua kile kimlango kidogo cha chini ya mashine, nikatega bakuli, nikafungua chujio la pampu. Kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa uji mweusi mzito, una nyuzi za kitambaa, na ndani yake nati moja namba 17, washa mbili za springi na kipande cha waya. Dada akaangalia bakuli, akaangalia mlango wa chumba cha uani, akaita jina la mtu kwa sauti ambayo mimi nisingependa kuitiwa.

Maelezo ya shemeji

Akatoka kijana wa miaka kama ishirini. "Shikamoo fundi." Marahaba. Mikono yake ilikuwa na mistari myeusi kwenye kucha, ile isiyotoka hata kwa sabuni na mchanga. Alieleza bila kuficha, na nilimheshimu kwa hilo. Jumatano kazini walishusha gia boksi ya lori, ikamwagika. Ovaroli mbili, yake na ya mwenzake, pamoja na matambara mawili, zikaloa. Akarudi nazo nyumbani. Ili asimchoshe shemeji yake, akazifua usiku mwenyewe.

"Ulizifuaje?"

"Nilizisugua kwanza na petroli, fundi. Kama nusu lita. Halafu nikazikamua, nikazitia kwenye mashine, nikaweka ile ya dakika 15."

Hapo niliacha kuwaza kanzu. Nikaingiza kichwa kwenye dramu, na kweli, chini ya harufu ya gia kulikuwa na petroli bado.

Naandika kisa hiki zaidi kwa ajili ya sentensi hiyo moja ya kijana. Ukiharibu kanzu utashona nyingine. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa sembuse Dar. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukaondoka, unashuka na kutuama sakafuni. Na mota ya mashine ya mlango wa mbele iko wapi? Chini kabisa, chini ya dramu. Mota ya kaboni hutoa cheche inapozunguka, si kwa ubovu, ndivyo ilivyoumbwa. Ukitoa bamba la nyuma na kuzima taa unaziona, za bluu, ndogondogo. Ongeza kile kijistoo kisicho na dirisha na jiko la gesi upande wa pili wa ukuta. Usiku ule nyumba nzima ilikuwa imelala. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine hizi vinakataza waziwazi nguo yenye petroli au vimiminika vya namna hiyo kuingia ndani, ila nani anakisoma kile kitabu? Hukaa kwenye kabati la vyombo pamoja na risiti.

"Na mafuta ya taa je?" kijana akauliza. Swali zuri, maana huko gereji mafuta ya taa ndiyo maji ya kunawa. Yana nafuu: mvuke wake huanza kuwa wa hatari kuanzia nyuzi 38 hivi kwenda juu. Lakini mashine ikiwekwa nyuzi 40 au 60 umeshafika huko. Kwa hiyo hata nguo iliyopitishwa mafuta ya taa haiingii kwenye mashine mpaka ifuliwe kwanza kwa mkono, isuuzwe, ianikwe nje mpaka pua ikose kitu.

Tulifungua milango yote, tukaiacha mashine wazi, plagi nje, tukatoka uani kunywa chai.

Chupa ya maji

Uani ndipo dada alipouliza swali la msingi. "Sawa, kaingiza uchafu. Lakini si kasuuza? Mashine si ilitoa maji yote? Kwa nini oili ilibaki ikaja kwenye kanzu yangu kesho yake?"

Nilitaka kumjibu kwa maneno, nikaona nimwonyeshe. Nikachukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, inayoonyesha ndani, nikakata shingo yake, nikatoboa tundu karibu na kitako na kuliziba kwa kidole. Kijana akaijaza maji, kisha akaleta ovaroli yake iliyokuwa bado na donge la oili mfukoni, akakamulia matone kadhaa. Oili ikapanda juu, ikatanda, ikang'aa rangi za upinde wa mvua. Nikaning'iniza humo kipande cha shuka jeupe, kikazama nusu. Halafu nikaachia kidole.

Maji yalitoka chini, masafi kabisa. Utando wa oili ukawa unashuka nayo taratibu, na kila unapopita unaupaka ukuta wa chupa. Ukafika kwenye kitambaa, ukashuka nacho pia. Maji yalipoisha, oili karibu yote ilikuwa humohumo ndani: imekaa ukutani, imekaa kitakoni, na kile kipande cha shuka kilichokuwa safi kina michirizi ya kijivu toka juu mpaka chini.

Tukarudia kwa chupa nyingine, safari hii bila tundu. Badala ya kutoa maji kwa chini, nikaiinamisha. Kitu cha kwanza kumwagika kilikuwa utando wa oili. Vikombe viwili vya mwanzo vilitoka na uchafu, maji yaliyobaki yakawa meupe, na kitambaa kikatoka na alama ndogo tu.

Kijana aliiangalia ile chupa ya kwanza muda mrefu. Mashine ya kufulia ni ile chupa yenye tundu. Iwe ya mlango wa mbele, iwe ya kufungulia juu, iwe ya vyumba viwili, zote hutoa maji kwa chini, na oili ni nyepesi kuliko maji. Oili inayoelea huwa ya mwisho kutoka, na katika safari yake inapaka kila inachokigusa: nguo, dramu, mikunjo ya mpira wa mlango, bomba, pampu. Karai, ambalo tunaliona ni la kishamba, linamwagwa kwa juu.

Sabuni ipo kwa ajili ya kuzuia jambo hilo. Ikiwa ya kutosha na maji yana moto, huvunja oili kuwa vitone vidogo sana na kukizunguka kila kitone, kisielee wala kukutana na mwenzake, kikatoka pamoja na maji. Shida ya Jumatano usiku ilikuwa kwamba kila kitu kilipungua: maji ya bomba bila kupashwa, kijiko kimoja cha unga wa sabuni, dakika 15, na mashine ya mlango wa mbele ambayo kwa tabia yake hutumia maji machache sana. Sabuni ilikwisha kazi kabla oili haijakwisha.

Halafu kuna jambo ambalo linawapoteza hata watu wenye uzoefu wa kufua. Mafuta ya pilau na oili ya gari si kitu kimoja. Bibi zetu walifua kwa majivu, wengine kwa magadi, na vilifanya kazi, kwa sababu mafuta ya kula yakikutana na magadi sehemu yake hugeuka kuwa sabuni hapohapo. Mafuta ya kula ni ndugu wa sabuni. Oili ya gari imetoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini, si ndugu wa mtu. Ichemshe na magadi kutwa nzima, itabaki oili. Magadi yatasaidia kulainisha maji ya chumvi ili sabuni ifanye kazi vizuri, hilo nalikubali. Limau, siki, Jiki? Jiki inatoa rangi, haitoi mafuta. Kwenye kanzu yenye oili itakupa doa lilelile kwenye kitambaa kilichochoka. Siki na limau tuviache kwenye kachumbari.

Kuiosha mashine

Kazi yenyewe ilinichukua hadi alasiri, nikakatiza kwa sala ya Ijumaa. Nitaieleza kwa sababu mtu anaweza kuifanya nyumbani bila mimi.

Chujio la pampu nililiosha kwa sabuni ya maji na mswaki wa zamani, na shimo lake nikalifuta kwa tambara mpaka likatoka bila weusi. Kazi kubwa ilikuwa mpira wa mlango. Ukiukunjua ule mkunjo wa chini unakuta kijito, na kijito kile kilikuwa kimejaa grisi nene kama lami. Hapa watu hukosea kwa kumimina maji. Mafuta hufutwa makavu kwanza: tambara kavu, kisha sabuni ya kuoshea vyombo bila maji juu ya tambara, unafikicha, unafuta, na maji yanakuja mwisho kabisa. Nilitumia matambara kumi na moja. Kijana alitaka kuniletea mafuta ya taa ili iwe haraka, nikakataa. Mpira wa mlango wa mashine nyingi ni wa aina isiyopatana na oili wala mafuta ya taa. Hunywa, hufura, ukalegea, na siku moja maji yanaanza kuchuruzika sakafuni. Grisi ikikaa humo wiki kadhaa inafanya uharibifu huohuo polepole.

Baada ya hapo, na baada ya kuhakikisha harufu ya petroli imekwisha kabisa, nikaweka taulo mbili kuukuu ndani, unga wa sabuni mara mbili ya kipimo, nyuzi 60, programu ndefu. Taulo ni chambo. Mashine ikiendeshwa tupu, oili iliyo nyuma ya dramu inazunguka na kurudi mahali pake. Kukiwa na taulo, inanasa kwenye taulo. Zilitoka za kijivu. Tukarudia, zikatoka na weusi kidogo kwenye ncha. Mara ya tatu niliendesha nyuzi 90 bila kitu, nikafuta dramu na mpira kwa kitambaa cheupe, kikarudi cheupe.

Dada alikuwa na wasiwasi wa umeme. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 28 hadi 60 kunakula zaidi kidogo ya nusu uniti. Alitegemea kusikia makubwa zaidi.

Mambo mawili sikuyafanya kwa makusudi. Sikumimina sabuni ya vyombo ndani ya mashine. Povu lake ni jingi mno, hupanda mpaka kwenye trei ya sabuni, pampu ikabaki inavuta hewa, na nimeshafungua mashine ambayo povu lilishuka hadi kwenye mota. Sabuni hiyo ni ya kupaka kwenye doa kwa mkono, kisha inasuuzwa. Na sikutia kostiki soda, ingawa kuna wanaoshauri. Dramu yenyewe ni chuma kisichoshika kutu, lakini ule mkono wa pembe tatu unaoibeba kwa nyuma ni wa aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu kama mchwa na mlango.

Ovaroli zinafuliwaje sasa

Hapa palitokea mvutano. Dada alisema ovaroli haitaingia tena kwenye mashine yake, mwisho. Mume wake, aliyekuwa amerudi kutoka msikitini kwa shati la kawaida, alisema mashine aliinunua yeye, na kwamba kijana hawezi kushinda chini ya lori halafu ashinde kwenye karai. Nilikuwa mgeni, sikupaswa kuwa na maoni, lakini waliniuliza. Nikasema wote wawili wako sawa ila hatua zao zimepangwa vibaya. Ovaroli inaweza kuingia kwenye mashine. Oili ndiyo isiingie, nayo inapaswa kubaki uani.

Utaratibu tuliokubaliana unaanza gerejini. Mifuko inatolewa nje na kukung'utwa, maana nati ile namba 17 ingeweza kuvunja panga la pampu. Grisi nene inakwanguliwa kwa kijiko au kipande cha bati. Oili mbichi inanyunyiziwa vumbi la mbao, nguo inakunjwa na kuachwa mpaka asubuhi. Vumbi la mbao gereji ya Gerezani haikosi, mafundi seremala wako jirani, na linanyonya oili vizuri.

Nyumbani, nguo ikiwa bado kavu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inapakwa kwenye madoa na kusuguliwa kwa brashi, halafu inaachwa nusu saa. Sisisitizi ukavu kwa ushabiki. Uzi ukishalowa maji unakuwa umejaa, sabuni haiingii kulifikia doa, inateleza juujuu. Watu wengi huanza kwa kuloweka, kisha wanashangaa. Ovaroli iliyokithiri inaweza kupanguswa kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo, nje, mbali na jiko na sigara, na si petroli hata tone.

Kisha karai, maji ya moto kadiri mkono wenye glavu unavyostahimili, unga wa sabuni wa kutosha, na kukanyaga kwa gambuti. Kijana aliipenda sehemu ya kukanyaga. Wakati wa kumwaga, usiivute nguo juu kupitia utando, kwa sababu utakuwa unaipaka tena kile ulichokitoa. Iache chini, inamisha karai, utando uende kwanza. Maji ya kwanza yatakuwa kama kahawa. Ya tatu yakitulia bila rangi za upinde wa mvua juu, ovaroli imeiva kwa mashine. Yakiwa bado nazo, rudia ya nne. Maji hayo machafu hayamwagwi kwenye bustani ya mchicha wala kisimani. Na oili inayokwanguliwa inarudi gereji kwenye pipa la oili chafu.

Kwenye mashine ovaroli inaingia peke yake, mbili kwa mara moja na si nne, nyuzi 60, programu ndefu, suuza ya ziada. Nguo zinazofuata zisiwe nyeupe, na zisiwe za mtoto mchanga kamwe. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina masizi, vumbi la chuma, na kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi miaka mingi zinaweza kuleta saratani; kwa hiyo si suala la weupe tu. Kuna anayeshauri ovaroli itiwe kwenye mfuko wa wavu. Wavu unazuia vifungo, oili inapita kwenye wavu kama mbu kwenye chandarua kilichotoboka.

Kilichopona na kisichopona

Mashati sita ya shule yalikuwa ya pamba iliyochanganywa. Tuliyapaka sabuni ya vyombo yakiwa makavu, karatasi ikiwekwa chini ya kila doa ili inyonye kwa chini huku tukigonga kwa juu kwa ncha ya mswaki. Baada ya nusu saa yakafuliwa nyuzi 60. Manne yalitoka safi, la tano lina kivuli kidogo begani. La sita dada alilipiga pasi Alhamisi kabla ya kunipigia simu. Hakuniambia, pasi ilijisema yenyewe: madoa yake yalikuwa na kingo kali za kahawia.

Kanzu haikupona. Ilikuwa ya poliesta, ile inayong'aa na haikunjiki, na poliesta inapenda mafuta kuliko inavyopenda maji. Oili ikiingia humo inakuwa imehamia. Nilijaribu mara mbili, madoa yakafifia mpaka rangi ya moshi, yakagoma hapo. Mume wake aliichukua, akaitazama kwa mbali, akasema labda usiku haitaonekana. Dada akamnyang'anya.

Nilirudi baada ya wiki tano kuangalia mpira wa mlango kama umefura. Haukuwa umefura. Kwenye chujio nilikuta kifungo kimoja na sarafu ya shilingi mia mbili, nikamrudishia mwenyewe. Uani kulikuwa na karai la plastiki limeandikwa OILI kwa rangi nyekundu, na gambuti zimepinduliwa kwenye mti. Kijistoo kimetobolewa tundu la hewa juu ya mlango. Kwenye msumari kando ya mashine kilining'inia kitambaa cheupe chenye vivuli vya moshi, kimekatwa mraba, kina mshono wa tarizi upande mmoja, cha kufutia mpira wa mlango.